Dazeni Iliyorudishwa

Shangazi aliweka kipakiti mezani, kando ya birika la chai, akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Ndani mlikuwa na nzi bandia kumi na wawili wa kuvulia samaki aitwaye trauti, rangi ya kahawia, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mahindi. Juu ya kipakiti kulibandikwa kikaratasi chenye neno moja la wino mwekundu: *mikia*.

"Imerudi hiyo," akasema. "Wewe si ndiye mwenye mambo ya mtoni? Chukua."

Niliwamwaga kiganjani nikawageuza mmoja mmoja. Kweli, mikia mitatu, labda minne, ilizidi mingine. Ilizidi kwa upana wa uzi wa kushonea, basi. Kwa mfungaji kama Shangazi, anayelipwa kwa dazeni, ziada hiyo ya upana wa uzi ilikuwa imeondoka na malipo ya wote kumi na wawili, wenye mikia mirefu na wenye mikia halali.

Shangazi hakulalamika. Alimimina chai, akauliza habari za mama.

Mimi ndiye nilirudi nyumbani na swali lililonikalia kooni kwa wiki kadhaa.

Trauti ana rula?

## Mchafuko wenye kipimo

Hao waliorudishwa walikuwa wa aina inayoitwa Hare's Ear, na inafaa nieleze anavyofungwa, kwa kuwa ubishi wangu wote na mkaguzi aliyeirudisha dazeni ile, ambaye sijawahi kumwona, umejificha humo.

Shangazi hufanyia kazi dirishani, jiliwa, kile kibanio chake, ikiwa imebana ukingo wa meza. Ndoana ya namba 14 hukaa kwenye meno ya jiliwa ikiwa imelala sawasawa. (Namba za ndoana huenda kinyume: namba ikipanda, ndoana inapungua. Kuna za namba 20 ambazo huwezi kuziokota sakafuni bila sumaku.) Kwanza uzi unalazwa kwenye shina la ndoana. Halafu mizunguko ya waya mwembamba wa risasi, ili nzi azame. Halafu mkia, kishungi cha manyoya ya sungura wa porini. Halafu unaning'inizwa waya wa rangi ya dhahabu, unaachwa usubiri zamu yake. Halafu manyoya ya uso na masikio ya sungura huyo huyo yanasokotwa juu ya uzi uliopakwa nta mpaka uzi wenyewe unaota nywele, na uzi huo wenye nywele unazungushwa kwenda mbele, mwembamba nyuma, mnene kifuani. Sasa waya wa dhahabu unapita juu yake na kuacha pingili. Fundo la kumalizia, mkasi, tone la vanishi kichwani.

Anayejifunza hujaza mwili mpaka mbele, akifika kwenye tundu la ndoana hana nafasi ya kichwa. Shangazi huacha nafasi ile tangu mzunguko wa kwanza, bila kuitazama.

Mpaka hapo una mdudu nadhifu kabisa.

Kisha anachukua sindano na kumvuruga.

Anachokonoa manyoya ya kifuani mpaka yatoke nje ovyo ovyo, maana yale ndiyo miguu, na maji yakiyapitia yanatikisika kana kwamba kuna kitu kinachopigania uhai. Hare's Ear laini asiyechokonolewa anaonekana mchovu. Kila mvuvi atakwambia kwamba nzi huyu huzidi kuwa mzuri kadiri anavyotafunwa na samaki.

Lakini wale kumi na wawili lazima wavurugike sawasawa. Aliyevurugika kupita mwenzake anarudishwa, na asiyevurugika vya kutosha anarudishwa pia. Nimemtazama Shangazi akimchokonoa mmoja, akimpeleka mbali na macho, akimrudisha, akivuta unywele mmoja tu. Uovyo huo unapimwa kwa jicho, na jicho linalopima lina miaka mingi ya kazi hiyo.

Nikimtazama, swali langu lilizidi kunikera. Kazi ngumu hivi, na mwisho wa yote mlaji ni samaki mwenye ubongo mdogo, ambaye nimewahi kumwona akitema kijiti.

## Wadudu wa watu

Wengi wetu hatujui kwamba biashara hii ipo, au tunaijua kwa kupita: binti wa jirani "anafunga vitu vya samaki vya wazungu". Imekuwepo Kenya kwa vizazi. Kuna visanduku vya wavuvi Uingereza na Marekani vyenye nzi waliofungwa Nairobi na viunga vyake, na wenye visanduku hawana habari. Hakuna mashine inayofanya kazi hii. Nzi wa ndoana anayeuzwa popote duniani amefungwa na vidole vya mtu, na mara nyingi mtu huyo yuko Kenya au Asia.

Shangazi amewafunga wadudu wa mito asiyoijua hata kwa jina. Adams, kwa mfano. Nzi huyu wa kuelea alifungwa mara ya kwanza mwaka 1922 huko Michigan na Len Halladay, akapewa jina la rafiki yake Charles Adams. Mwili wa kijivu, mabawa mawili ya ncha za manyoya ya jogoo mwenye madoadoa, na shingoni manyoya ya jogoo wawili tofauti, mmoja wa kahawia na mmoja wa madoadoa, yaliyozungushwa pamoja. Shangazi anaweza kumfunga Adams huku akikusimulia msiba wa ukoo mzima. Michigan yenyewe hajui iko upande gani.

Na trauti? Hajawahi kumla. Anajua tilapia, anajua omena.

"Huyo wa baridi si wetu," aliniambia, na hapo yuko sahihi kuliko alivyodhani. Trauti ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura, kule Aberdare. Walowezi walitaka michezo ya kwao kwenye maji yaliyowakumbusha kwao. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Samaki wakatapakaa mito ya Mlima Kenya na Aberdare, kule juu kwenye maji ambayo ukitia mkono unautoa haraka. Wakati huo Mwafrika akionekana mtoni na ndoana aliitwa mwizi wa samaki.

Kwa hiyo tuna samaki mgeni, mdudu wa kuigiza wa mto mgeni, na katikati yao mwanamke wa Kikuyu dirishani kwake, anayekatwa malipo kwa sababu ya mkia.

Unaona makala niliyotaka kuandika. Ilikuwa tayari kichwani, yenye hasira nzuri. Ingesambaa.

Nilichelewa kuiandika kwa sababu kuna jambo moja halikukaa vizuri.

## Nani hasa anadanganywa?

Wavuvi wana utani wa zamani kwamba nzi wengi hufungwa ili kumnasa mvuvi dukani, samaki baadaye. Nilianza kuuchukua utani huo kama ushahidi.

Historia ilionekana kuniunga mkono. Maelezo ya kale zaidi tuliyonayo kuhusu nzi wa kuvulia ni ya Aelian, mwandishi wa Roma, yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Anasimulia kuhusu wavuvi wa Makedonia, mto Astraeus, waliozungusha sufu nyekundu kwenye ndoana na kutia manyoya mawili ya jogoo, yale yanayoota chini ya ndevu zake, yenye rangi ya nta. Hivyo tu. Na walivua.

Sasa ruka mpaka Uingereza ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Frederic Halford, bwana wa mito ya chokaa ya kusini, alishikilia kwamba nzi aige mdudu halisi aliye juu ya maji siku ile, rangi kwa rangi, dume na jike mbalimbali. G.E.M. Skues, wakili wa London, akampinga kwa upole wa kisheria: samaki anakula zaidi chini ya maji kuliko juu, na chini kule anakula tunutu, wale watoto wa wadudu ambao huishi mtoni miezi kwa miezi, kisha wakishapata mabawa hawali tena, wanataga na kufa. Ugomvi wa wafuasi wa hao wawili ulidumu miaka mingi, na ukiusoma leo utadhani ni wa dini.

Ninayempenda mimi ni Frank Sawyer. Huyu hakuwa bwana wala wakili, alikuwa mlinzi wa mto Avon, Wiltshire, mtu wa kukata magugu na kuhesabu samaki. Nzi wake maarufu ana vitu viwili tu: nyuzi za mkia wa ndege aitwaye pheasant na waya wa shaba. Hakutumia uzi kabisa. Waya ndio unaofunga, waya ndio uzito, waya ndio mng'ao. Na hakumwekea miguu, kwa sababu alikuwa amewatazama tunutu wakiogelea na kuona kwamba miguu huibana mwilini.

Sawyer angewekwa kwenye meza ya mkaguzi wa Nairobi, nikajiambia, dazeni yake ingerudi.

(Mara moja tu katika miaka ya karibuni biashara hii iligusa watu wa kawaida, na haikuwa kwa sababu ya samaki. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walianza kusukia manyoya marefu ya shingo ya jogoo kwenye nywele. Majogoo hao hufugwa miaka na miaka kwa uteuzi wa mbegu ili manyoya yao yawe marefu na membamba kwa ajili ya nzi wa kuelea. Saluni zikanunua kila kitu, bei ikapanda hadi wavuvi wakalia magazetini. Nilipomsimulia Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Wavuvi wanaolia kwa sababu ya saluni, hilo lilimfurahisha kuliko yote niliyowahi kumwambia kuhusu kazi yake.)

Basi hoja yangu ikakomaa: mkaguzi anamtumikia mwenye duka, mwenye duka anautumikia mwanga wa kabati lake la vioo, na samaki hajaulizwa.

Nikachukua kipakiti, nikapanda matatu kwenda Naro Moru kumuuliza samaki.

## Chupa iliyokatwa shingo

Mto Naro Moru unashuka upande wa magharibi wa Mlima Kenya, na sehemu za juu si mto wa kurusha mshipi kwa madaha kama kwenye picha. Ni mawe, povu, na vidimbwi vya ukubwa wa meza. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea juu ya mkondo, akisubiri chakula kiletwe. Chakula kikipita mbali na pua yake hakifuati, maana kupigana na mkondo kungemgharimu zaidi ya anachopata.

Mzee anayenionyesha njia huko amevua mto huo tangu akiwa kijana. Nilimpa kipakiti bila kueleza chochote. Akamchagua mmoja, mwenye mkia mrefu kuliko wote, Mungu ni shahidi, akamfunga kwenye mshipi wangu.

Samaki alikuja upesi. Trauti wa upinde wa mvua, urefu wa kiganja na nusu, mstari wa waridi ubavuni. Nikamrudisha majini nikiwa na furaha chafu ya mtu aliyeshinda kesi. Baadaye kidogo akaja wa pili, kwa nzi yule yule.

Kisha nikamwacha nzi yule kwenye tawi la mti, ng'ambo, mahali pasipofikika.

Nikafunga wa pili kutoka dazeni ile ile. Huyu mkia wake ulikuwa halali kabisa. Kidimbwi kile kile, jiwe lile lile, mkono ule ule.

Kimya.

Nilirusha tena na tena. Nikasogea juu ya mkondo, nikashuka, nikabadilisha pembe. Nikaanza kujenga nadharia: wameshtuka, jua limepanda, nimesimama vibaya. Mzee alikaa kwenye jiwe akinitazama. Mwishowe akasema, "Leta hao wengine."

Alitoa chupa ya maji ya plastiki, akaikata shingo kwa kisu, akaijaza mtoni. Akamlowesha kila nzi kwa mate na kumminya, kwa kuwa manyoya makavu hubeba hewa. Halafu akawadondosha wawili wawili, akiwaachia kwa pamoja juu ya maji.

Wengi walishuka bega kwa bega, jozi baada ya jozi, wakagusa chini pamoja. Wawili walibaki nyuma. Wa kwanza kati yao alikuwa na mkia mrefu. Wa pili alikuwa ni yule niliyekuwa nimemrusha bure, mwenye mkia halali, na huyo ndiye aliyechelewa zaidi, akishuka polepole huku wenzake wamekwisha kulala.

"Huyu risasi yake ni pungufu," Mzee akasema. "Kwenye kidimbwi kirefu ungemvulia. Hapa, akianza kuzama, kidimbwi kimeisha."

Nikamuuliza kuhusu mikia. Akaangalia wote tena, kwa adabu tu, nadhani.

"Mkia ni mkia. Mimi nikipoteza nzi aliyekamata, nataka ndugu yake. Nikirusha ndugu yake na samaki akakataa, nijue ni samaki amebadilika, au mimi. Kama nzi naye amebadilika, sijui lolote. Nitazunguka mto mzima nikiulaumu mto."

Nilikaa kimya. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Makala yangu ya hasira ilianza kuvuja hapo. Nilikuwa nimechukulia kwamba kufanana kwa wale kumi na wawili ni urembo wa dukani, jambo lisilomhusu samaki. Samaki kweli halimhusu, yeye anakutana na mmoja tu kwa wakati. Linamhusu mvuvi, na halihusu macho yake. Anahitaji kitu kimoja kisichobadilika mkononi ili aweze kuusoma mto unaobadilika kila hatua. Halford na nzi wake wa rangi kwa rangi, Sawyer na waya wake wa shaba, wote wangekubaliana na Mzee kwenye hilo, hata kama wasingekunywa chai meza moja. Urahisi wa Sawyer sasa niliuelewa vingine: nzi mwenye vitu viwili tu ana mambo machache ya kutofautiana.

Ila mkaguzi bado simpi ushindi. Alikuwa sahihi kudai usawa na akaenda kuutafuta pasipofaa. Mkia unaonekana, risasi imefunikwa na manyoya ya sungura, kwa hiyo alipima mkia. Kama angekuwa na chupa iliyokatwa shingo angerudisha wawili na kulipa kumi. Ndiyo maana namwona kama ofisa anayekagua tarehe kwenye fomu kwa bidii kubwa kwa kuwa yaliyoandikwa ndani ya fomu hana njia ya kuyathibitisha.

Na wapo wengi wa aina yake, kwenye kazi nyingi, lakini hiyo ni makala nyingine.

## Aliyesalimiwa

Nilirudi kwa Shangazi na wale wawili waliochelewa, nimewafunga pembeni kwenye karatasi. Nilikuwa na wasiwasi jinsi ya kuanza. Kumwambia mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo kwamba risasi imepungua, wakati mimi mwenyewe nikifunga nzi anafanana na kitu kilichotolewa kwenye kifereji cha bafu, si jambo dogo.

Hakungoja nimalize. Alimshika yule mwenye mkia halali, akambonyeza kwa ukucha, akamgeuza mara moja.

"Huyu nilisalimiwa," akasema.

Sikuelewa. Akaeleza kama anayemweleza mtoto. Mizunguko ya risasi anaihesabu kwa midomo, bila sauti. Dirisha linaangalia njia. Mtu akipita na kusalimia huwezi kumnyamazia, ni jirani, na jibu la salamu linaingia katikati ya hesabu. Mara nyingi vidole vinakumbuka hata midomo ikisahau. Siku nyingine havikumbuki.

"Na mikia?"

"Mikia ni jioni. Mikia nakubali." Akavuta kiti. "Lakini mkaguzi angeniambia risasi, ningemheshimu."

Nilimwonyesha chupa. Alimdondosha mmoja, akamdondosha mwingine, akaomba maji mengine safi, akarudia na nzi wa dazeni aliyokuwa akiifunga siku hiyo. Wote walishuka pamoja. Aliwatazama waliolala chini kwa muda, si kwa mshangao, zaidi kama mtu anayehakiki hesabu anayojua jibu lake. Tangu hapo chupa iko dirishani, ingawa anaitumia tu akiwa na mashaka, na ameniambia waziwazi kwamba kumlowesha na kumkausha kila nzi kungemlia dazeni moja kwa siku, na dazeni hiyo hakuna wa kuilipa.

Nilimuuliza kama angependa kwenda Naro Moru, amwone samaki mwenyewe.

Hakujibu kuhusu samaki. Aliuliza siku hiyo nzima nani atalipia kazi iliyolala, na matatu ya kwenda na kurudi, na kama huyo mzee anajua kwamba yeye hatembei kwenye mawe yenye utelezi. Tumekubaliana nilipe yote mawili, nauli na dazeni za siku, kwa bei kamili, bila ukaguzi. Mzee nilipompigia aliuliza jambo moja tu: kama Shangazi atamletea nzi waitwao Kenya Bug, namba 10, wale weusi, kwa kuwa wa dukani huvunjika shingo. Shangazi amesema atawafungia huko huko mtoni. Jiliwa anaibeba mwenyewe.